Ugonjwa wa mlipuko ukibisha hodi shuleni, anza na bweni

Kila ninapoitwa na shule ya bweni hapa Tabora kuzungumzia magonjwa ya mlipuko, walimu hunionyesha kwanza ndoo za kunawia mikono pale getini. Ni jambo jema, nazikagua. Kisha naomba nipelekwe bwenini, ikiwezekana usiku baada ya prepo, wanafunzi wakijiandaa kulala.

Sababu ni hii: bwenini mtoto analala saa saba au nane mfululizo, akivuta hewa ileile anayoitoa mwenzake. Virusi vya UVIKO-19 husafiri kwa matone na kwa hewa, na mafua makali vilevile. Kifua kikuu, ambacho hakijawahi kutuacha, nacho hupenda chumba kilichojaa watu na kufungwa madirisha.

Mwaka 2020 shule zilifungwa Machi 17. Kidato cha sita wakarudi Juni 1, wengine wakafuata Juni 29. Hapo ndipo penye mtihani kwa sisi wa Tabora, kwa sababu wanafunzi walirudi katikati ya kipupwe. Usiku wa Julai huku ni baridi kavu yenye upepo, na mtoto mwenye blanketi jepesi atafunga dirisha tu, hata ukimkemea. Nimeona maboksi yamepachikwa kwenye vioo vilivyovunjika na vitenge vimeshindiliwa kwenye matundu ya juu ya ukuta. Siwalaumu hata kidogo. Ukitaka dirisha libaki wazi, shughulikia baridi kwanza: sogeza vitanda mbali na madirisha, waandikie wazazi walete blanketi la pili, halafu fungua sehemu ya juu ya madirisha ya pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite juu ya vichwa. Na neti zisitolewe. Dirisha wazi lisilo na wavu ni mlango wa mbu, na malaria kwetu haisubiri UVIKO uishe.

Vitanda viachane angalau mita moja. Shule nyingi haziwezi, mabweni yamefurika. Basi walale mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na kwenye dabodeka wa juu na wa chini wapishane vivyo hivyo. Ni hatua isiyogharimu chochote, na inashangaza ni shule ngapi hazijaijaribu.

Jambo la pili ni makundi. Mwanafunzi wa bweni kwa kawaida analala na hawa, anasoma na wale, anakula na wengine kabisa. Akiugua mmoja, shule nzima imeguswa. Ninachopendekeza ni wanaolala chumba kimoja waoge pamoja, wale kwa zamu moja bwaloni, wakae prepo darasa moja. Kupanga upya kunasumbua, najua, hasa kwa mwalimu wa taaluma mwenye ratiba ya mikondo minne. Lakini siku mtoto akipata homa, utajua wa kuwafuatilia ni akina nani. Paredi ifupishwe. Ibada na mikutano ipelekwe nje. Tabora hatuna uhaba wa miembe yenye kivuli.

Sasa niseme linaloniuma. Shule nyingi hutenga chumba cha wagonjwa ambacho kila mtu anakiona ni adhabu: stoo ya zamani, godoro moja, chakula kinawekwa mlangoni na mleta chakula anakimbia. Watoto wakishaona hivyo, wanaficha homa. Wanameza panadoli kimyakimya na kulala katikati ya wenzao. Chumba hicho kiwe na dirisha, choo chake, vyombo vyake, na mtu mzima mmoja anayejulikana, aliyevaa barakoa, anayeingia, anasalimia, anauliza umekulaje. Mgonjwa apewe vitabu vyake. Apewe simu ya matroni azungumze na nyumbani kila jioni, maana siku za kutembelewa zikisimamishwa, upweke nao ni ugonjwa.

Kila homa ipimwe malaria kwa kipimo cha haraka, lakini majibu ya malaria yasifunge mjadala. Mtoto anaweza kuwa na malaria na ugonjwa wa mlipuko kwa pamoja. Akianza kupumua kwa shida, midomo kuwa ya bluu, au kuchanganyikiwa, usisubiri asubuhi, apelekwe hospitali ya Kitete au nyingine iliyo karibu usiku uleule.

Kuhusu usafi nitasema machache. Kibuyu chirizi cha kukanyaga kwa mguu ni bora kuliko bomba linaloshikwa na mikono mia. Kwa vitasa na reli za vitanda, dawa ya klorini ya asilimia 3.5 ichanganywe kipimo kimoja kwa sita vya maji, itengenezwe upya kila siku, na isichanganywe na dawa nyingine ya usafi.

Na kila bweni liwe na daftari. Kiranja aandike kila asubuhi nani anakohoa, nani ana homa, nani hakula, na patroni alisome kabla ya kengele ya kwanza.