Programu ya kila mfumo, mbona haifunguki kwenye Linux yangu?

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi hapa Chake Chake zimebaki njia panda. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, na mashine zilizopo maskulini na kwenye ofisi ndogondogo za Pemba aghlabu hazina sifa hizo, ingawa kibodi, skrini na diski zake bado ni nzima. Mimi huziwekea Linux Mint au Ubuntu, mifumo miwili ya bure ya jamii ya Linux, zikarudi kazini. Taabu huanza baada ya hapo. Maalim anapakua programu ambayo watengenezaji wake wameandika wazi kwamba inafanya kazi Windows, Mac na Linux. Anaibonyeza mara mbili, na hakitokei kitu. Dirisha halifunguki, wala ujumbe hauonekani. Basi anasema Linux haifai.

Hukumu hiyo inaniuma, kwa sababu mara nyingi programu imeshasema kilichoikwamisha, ila imesemea pahala ambapo mtu wa kubonyeza kwa kipanya hapaoni. Na inaniuma zaidi kwa sababu baadhi ya dawa zinazozagaa mtandaoni zinaharibu mashine nzima.

Tuanze na asili ya programu zenyewe. Mwandishi wa programu hapendi kuandika kitu kilekile mara tatu, kwa hivyo hukijenga juu ya tabaka la kati linalojua kuzungumza na kila mfumo. Java, iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1995, ni tabaka la namna hiyo. Qt ni jengine, na QGIS ya kuchorea ramani imejengwa juu yake. Electron ilizaliwa GitHub mwaka 2013 kwa jina la Atom Shell, nayo hubeba ndani yake kivinjari cha Chromium kizima. Visual Studio Code na Signal ya kompyuta zote ni Electron. Programu ya aina hii ni mgeni anayekuja kulala kwako: nguo kaja nazo, lakini maji, mkeka na ufunguo wa mlango anavitegemea kwa mwenyeji. Kwenye Linux, mwenyeji hutoa kerneli (kiini cha mfumo), maktaba ya msingi inayoitwa glibc (maktaba ni msimbo unaotumiwa kwa pamoja na programu nyingi), mfumo wa kuchora madirisha, na ruhusa. Programu ikigoma kufunguka, karibu kila mara imekosa kimojawapo katika hivyo.

Kwa hivyo, kabla ya kugusa chochote, ifungue programu kutoka terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Nenda kwenye folda yake, andika `./` ikifuatiwa na jina la faili, ubonyeze Enter. Yale ambayo kipanya kiliyameza utayaona yote. Soma kutoka juu, kwani kosa la kwanza ndilo huzaa mengine. Ikisema `Permission denied`, faili halina ruhusa ya kuendeshwa, na amri ya `chmod +x` ikifuatiwa na jina la faili inatosha. Ikisema haiwezi kuliendesha faili kwa sababu ya muundo wake, andika `file` na jina la programu uone imetengenezwa kwa prosesa gani. Huenda umepakua ya ARM, aina nyengine ya prosesa, na laptopu yako ni ya Intel. Kama inalalamikia maktaba, amri hii inazitaja zote zilizokosekana:

`ldd ./programu | grep "not found"`

Hapa lazima nikae kidogo na glibc, maana ndipo watu wanapoumia. Ujumbe wake hufanana na huu: `version 'GLIBC_2.38' not found`. Ubuntu 22.04, na Linux Mint 21 iliyojengwa juu yake, ina glibc 2.35. Ubuntu 24.04 ina 2.39. Maktaba hii huheshimu ya nyuma yake: programu iliyojengwa juu ya toleo la zamani itafunguka kwenye toleo jipya bila ya shida. Kinyume chake hakiwezekani. Aliyejenga programu yake kwenye Ubuntu 24.04 anaweza kuwa ameiomba kazi ambayo glibc ya 22.04 haina, na mlango unafungwa hapohapo kabla hata ya dirisha kuchorwa.

Dawa mbaya ninayoiona ikipendekezwa ni kuchukua glibc mpya kutoka kwengine na kuipachika kwenye mfumo wa zamani. Tafadhali sana, usifanye. Karibu kila kitu kwenye mashine kinaitegemea glibc, zikiwemo amri ambazo ungezihitaji kuitengeneza ikiharibika. Ukiikosea, hata `ls` haifanyi kazi tena, na kilichobaki ni kuuweka mfumo upya kutoka kwenye flashi. Njia salama ni tatu: kupandisha mfumo wote hadi toleo jipya, kutafuta toleo la nyuma la programu yenyewe, au kuichukua kwa njia ya Flatpak, mtindo wa kugawa programu pamoja na maktaba zake, ambao nitaufikia.

Sasa AppImage. Kwa sisi tunaoishi kwa bando, huu ni mpango mzuri mno: faili moja, programu yote imo ndani, unalitia kwenye flashi na kumpelekea mwenzako Wete bila yeye kupakua chochote. Lakini lina masharti yake. Kwanza, usiliendeshe likiwa kwenye flashi. Flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT, ambayo haihifadhi ruhusa za Linux, na `chmod` haisaidii kitu. Linakili kwanza kwenye folda ya nyumbani.

Pili, AppImage nyingi hutegemea maktaba ya FUSE ya zamani ili zijifungue, na Ubuntu tangu 22.04 haiji nayo. Ujumbe utataja `libfuse.so.2`. Kwenye 22.04 weka kifurushi cha `libfuse2`, kwenye 24.04 jina lake limegeuka kuwa `libfuse2t64`. Angalia sana jina hilo. Ukiweka kifurushi kinachoitwa `fuse` tu kwenye 22.04, kinaweza kuiondoa `fuse3` pamoja na sehemu za mfumo zinazoitegemea, na mtu akaiwasha kompyuta yake asubuhi asikute madirisha.

Sharti la tatu linahusu zile zilizojengwa kwa Electron. Chromium iliyomo ndani hujiwekea uzio, ili ukurasa wenye nia mbaya usiweze kuyafikia mafaili yako. Ili kuujenga uzio huo bila ya mamlaka ya msimamizi, hutumia uwezo wa kerneli ambao Ubuntu 24.04 imeubana kwa AppArmor, mlinzi wa mfumo anayeziwekea programu mipaka, kwa sababu wadukuzi nao walikuwa wakiutumia. Matokeo yake programu inakufa papo hapo, ikilalamika kwamba `chrome-sandbox` haikuwekwa sawasawa. Jibu utakalolikuta kila pahala ni kuongeza `--no-sandbox`. Ni kweli programu itafunguka, lakini uzio umeuvunja. Kwa programu inayofungua viungo na picha kutoka kwa watu usiowajua, mimi siwezi kumshauri mtu hivyo, sembuse mwalimu mwenye matokeo ya wanafunzi kwenye mashine hiyohiyo.

Ninachofanya ni hiki. Kama ipo ya `.deb`, yaani kifurushi cha kawaida cha Ubuntu na Mint, naichukua hiyo, maana mara nyingi imeshayapanga mambo haya yenyewe. Kama haipo, naikunjua AppImage:

`./programu.AppImage --appimage-extract`

Inatoka folda ya `squashfs-root`. Naihamishia `/opt` na kuipa jina la maana, halafu ndani yake natoa amri mbili:

`sudo chown root:root chrome-sandbox`
`sudo chmod 4755 chrome-sandbox`

Sasa uzio unajengwa kwa njia ya zamani, unabaki pahala pake, na haja ya FUSE imeondoka, kwani hakuna tena cha kukunjua kila ukiifungua. Gharama yake ni kwamba programu haitajisasisha yenyewe. Lazima uikumbuke.

Java haina mambo mengi. Ukiona `UnsupportedClassVersionError` ikifuatiwa na namba, toa 44 katika namba hiyo upate toleo la Java linalotakiwa: 52 ni Java 8, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Na ukiweka `openjdk-17-jre-headless` badala ya `openjdk-17-jre`, programu za madirisha hazitafunguka, kwani hiyo ya kwanza ni ya seva zisizo na skrini. Kwa Qt, kosa linalojirudia ni kushindwa kupakia kiungo kinachoitwa `xcb`. Tangu Qt 6.5 kinahitaji `libxcb-cursor0`, na mara nyingi kuiweka hiyo peke yake kunatosha. Ama programu zilizotengenezwa kwa Windows tu, hizo zina njia yao, Wine, iliyoanza mwaka 1993 na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2008. Mlango huo ni mwengine na leo siufungui.

Nirudi kwenye Flatpak, maana kwa kazi kubwa ndiyo ninayoiamini. Mfano mzuri ni QGIS. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi Zanzibar, ikishirikiana na Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), ilianza kuvipiga picha visiwa vyetu kwa droni chini ya mradi wa Zanzibar Mapping Initiative, na tangu hapo vijana wanaojua kuzisoma picha za namna hiyo wameongezeka. QGIS iliyomo kwenye hazina ya Ubuntu 22.04 ni 3.22, na ya 24.04 ni 3.34. Kijana aliyefundishwa kwa toleo jipya zaidi akija nyumbani anakuta viongezi vyake havikubali. Flatpak inampa toleo jipya bila ya kuugusa mfumo, kwa sababu programu haitegemei tena maktaba za mwenyeji. Inakuja na msingi wake, glibc ikiwemo, na msingi huo hutumiwa kwa pamoja na programu nyengine za jamii yake.

Msingi huo ndio mzito. Mara ya kwanza utapakua mamia ya megabaiti hata kama programu yenyewe ni ndogo, na kwa bando la simu hilo linauma. Wengi wanaiacha Flatpak hapo, na naona wanakosa, kwa sababu ina uwezo wa kubebwa kwa flashi ambao hautajwi vya kutosha. Tafuta kompyuta moja yenye intaneti ya uhakika, kwa mfano ya rafiki yako Mjini Unguja, na QGIS iwe imeshawekwa humo kwa Flatpak. Kisha:

`flatpak remote-modify --collection-id=org.flathub.Stable flathub`
`flatpak update`
`flatpak create-usb /media/fundi/ramani org.qgis.qgis`

Hiyo `/media/fundi/ramani` ni flashi yenyewe, na mimi hupenda kuifomati kwa ext4, muundo wa diski wa Linux. Amri ya mwisho inanakili programu pamoja na misingi yote inayoihitaji. Flashi ikivuka bahari ikafika Pemba, kwenye kila laptopu unarudia ile amri ya kwanza, halafu:

`flatpak install --sideload-repo=/media/fundi/ramani/.ostree/repo flathub org.qgis.qgis`

Linux Mint inakuja na Flatpak na Flathub, hazina ya programu za Flatpak, tayari. Ubuntu haiji nazo, kwa hivyo utaziweka mwenyewe kwanza. Na kama programu ya Flatpak imefunguka lakini haiyaoni mafaili yaliyo kwenye diski ya nje, hiyo ni ruhusa; ipe folda unayoitaka tu, kwa `flatpak override --user --filesystem=` ikifuatiwa na njia ya folda na jina la programu. Usiipe diski yote kwa uvivu.

Nina neno pia kwa vijana wetu wanaoandika programu za hapa nyumbani: za maduka, za stakabadhi, za mahudhurio ya skuli. Wengi wanaandikia kwenye Windows kwa Python au Java, na wanaamini kwamba lugha hizo zikishakuwa za kila mfumo basi programu nayo ni hivyo. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni la herufi kubwa na ndogo. Msimbo unaita `picha/nembo.png`, faili lenyewe linaitwa `Nembo.PNG`. Windows hulipata bila ya maneno. Linux huyaona hayo kuwa majina mawili tofauti kabisa. La pili ni kuandika njia za folda kwa mkwaju wa kinyume wa Windows. Kwenye Python, `pathlib` inakuondolea taabu hiyo yote. La tatu ni mafaili ya amri yaliyohifadhiwa kwa mwisho wa mistari wa Windows. Linux itakwambia haikipati kitu kinachoitwa `bash^M`, na herufi hiyo ya ziada huioni kwenye kihariri chako. `dos2unix` inaisafisha.

Na mkiijenga ili kuigawa, ijengeni kwenye mfumo wa zamani kabisa mnaotaka kuuhudumia. Nikisema hivyo simaanishi mtafute laptopu kongwe. Kontena la Ubuntu 22.04, yaani mfumo uliotengwa unaoendeshwa ndani ya mfumo mwengine, kwenye mashine mpya linatosha, na glibc itakayoombwa itakuwa 2.35, ambayo Mint 21, Mint 22 na Debian 12 zote zinaitosheleza. Halafu ijaribuni kwenye mashine iliyowekwa Linux upya, isiyo na chochote chenu ndani. Laptopu ya mwandishi ina maktaba zote alizoziweka wakati akiandika, na hapo programu haiwezi kukosa kitu.