Moduli imesakinishwa lakini Python haiioni: dhana potofu na ukweli

Wanaojifunza Python hukwama mara nyingi mahali pamoja: pip, zana ya kusakinisha moduli, inathibitisha kwamba moduli imesakinishwa, lakini programu ikiendeshwa inajibu ModuleNotFoundError. Wengi huamini kwamba kompyuta ina ghala moja la moduli, kwa hiyo kilichosakinishwa mara moja kinapaswa kuonekana kila mahali. Ukweli ni kwamba kila Python iliyomo kwenye kompyuta ina folda zake za moduli na orodha yake ya njia za utafutaji iitwayo sys.path, na si ajabu kompyuta moja ya Windows kuwa na Python iliyotoka python.org, nyingine ya Microsoft Store na ya tatu iliyokuja na Anaconda. Ukiandika pip peke yake, huchagui ni ipi kati ya hizo inayohudumiwa. Mfumo huchukua pip ya kwanza kupatikana katika PATH, yaani orodha ya folda ambamo hutafuta programu. Ndiyo maana ni salama zaidi kuandika python -m pip install requests (requests hapa ni mfano wa moduli), kisha kuendesha programu kwa neno lilelile python, au python3 kwenye mifumo mingi ya Linux. Shaka ikibaki, chapisha sys.executable na sys.path kutoka ndani ya programu inayogoma, kwa sababu hapo Python yenyewe itakutajia ilipo na inapotafuta.

Wapo wanaoongeza folda ya moduli katika PATH wakitarajia import ifanikiwe. PATH huutumikia mfumo endeshi unapotafuta programu za kuendesha. Moduli hutafutwa kupitia sys.path.

Dhana nyingine ni kwamba utafutaji huanzia katika folda uliyomo wakati wa kutoa amri. Ukiendesha python kazi/ripoti.py, nafasi ya kwanza ya sys.path huwa folda iitwayo kazi, yaani ile yenye faili. Ukiendesha python -m kazi.ripoti, huwa folda uliyomo. Kwa sababu hiyohiyo, faili lako likiitwa random.py, import random itakuletea faili hilo badala ya moduli ya maktaba sanifu, na kabla ya Python 3.13 ya mwaka 2024, kosa lililotokea halikutaja chanzo hicho waziwazi.

PYTHONPATH, kigezo cha mazingira kinachoongeza folda katika sys.path, nayo haiandikwi namna moja kila mahali. Linux na macOS hutenganisha folda kwa nukta pacha, ilhali Windows hutumia nukta mkato, kwa kuwa nukta pacha tayari imo katika C:. Isitoshe, husomwa na matoleo yote ya Python, hivyo moduli za toleo moja huweza kuvuruga jingine.

Ushauri wa kutumia sudo pip, yaani pip yenye mamlaka ya msimamizi, kwenye Linux ni wa kuachwa kabisa. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, husimamia moduli zake kwa apt, zana yake ya kusakinisha programu, na sehemu za mfumo huzitegemea. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, pip hukataa kuzigusa na kutoa kosa la externally-managed-environment. Njia sahihi ni venv, yaani mazingira ya Python yaliyotengwa kwa ajili ya mradi mmoja, iliyomo katika Python tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012. Huwashwa kwa faili la activate lililomo katika folda ya bin kwenye Linux na macOS, na katika Scripts kwenye Windows. Usiinakili venv kwenda kompyuta nyingine, kwani ndani yake zimeandikwa njia kamili za pale ilipoundwa; badala yake hamisha requirements.txt, faili lenye orodha ya moduli zinazohitajika, kisha uunde mpya huko.