Tanuri na maji: yasemwayo Malindi kuhusu kazi yetu

"Simenti ni simenti, fundi, piga tu." Hilo huambiwa kila ninapoitwa kutengeneza bitana ya tanuri la bekari, yaani ukuta wake wa ndani unaopokea moto. Sivyo. Simenti ya kujengea nyumba hushikana kwa maji iliyoyafunga ndani yake, na kwenye nyuzi 400 hadi 500 za sentigredi maji hayo huikimbia, ikabaki unga. Sisi hutumia simenti ya alumina, inayostahimili joto kali, au udongo wa jamii moja na tofali la moto, lile lisiloharibiwa na joto la tanuri, tena kwa kiungo chembamba cha milimita 2 au 3.

Wengine huleta mawe ya matumbawe, kwa kuwa majumba ya Lamu yamesimama nayo karne nyingi. Lakini kuta zile hazijapikwa! Wachoma chokaa wa Lamu huyapanga mawe hayohayo juu ya magogo makusudi yaive, maana yakifika karibu nyuzi 900 hugeuka chokaa. Kisha maji yakiyagusa huchemka, huvimba na kumomonyoka. Ndiyo bitana hiyo unayoitaka?

Linaloniuma zaidi ni hili: "Washa moto mkubwa, itakauka upesi." Mwenye bekari mmoja nilimwachia maagizo Alhamisi, lakini mkate wa futari ulikuwa unamsubiri. Akajaza kuni jioni ileile. Usiku kipande kipana kama sinia kikabanduka kwa kishindo, na ni rehema tu hapakuwa na mtu mdomoni mwa tanuri. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi mara 1,600 hivi ya ile ya mwanzo. Yakiwa yamefungiwa ndani ya bitana, hupasua. Kwa hiyo moto huanza mdogo, hukaa saa nyingi kwenye nyuzi 100 na ushei, ndipo hupandishwa kidogokidogo. Masika, tofali lililolala nje limekwisha kunywa maji, nami huongeza siku.

Ufa nao si kifo cha tanuri. Nyufa nyembamba hujifunga tanuri likipata moto. Niite bamba la chuma linalofunika tanuri kwa nje likianza kubadilika rangi.

Na hatari yetu kubwa si kuungua. Tukivunja bitana kuukuu hutoka vumbi la silika, lile jembamba lisiloonekana, na silikosisi, ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi hilo, haina tiba. Leso puani hailizuii. Nalowesha kwanza, ndipo nyundo, na barakoa yenye kichujio. Vijana wanaoniita mjomba huivua kwa sababu ya joto. Akiivua, namtoa ndani ya tanuri saa ileile, hata kazi ikichelewa.