Rais wa Marekani, kalamu yake na marufuku ya mashoga jeshini

Kila muhula ninapofundisha mamlaka ya Rais wa Marekani, lazima mkono mmoja uinuke: "Mwalimu, si yeye ndiye Amiri Jeshi Mkuu? Obama aliingia Ikulu Januari 2009, marufuku ikaja kuondoka 2011. Alikuwa anasubiri nini? Si angesaini tu?" Mwezi huu nimeulizwa mara tatu, na mara ya tatu aliyeuliza ana shahada ya sheria. Ndipo nikaamua kuandika.

Dhana: Amiri Jeshi Mkuu angeifuta kwa saini moja

Hapana. Najua dhana hii inatoka wapi: tumezoea kusikia asubuhi kwamba Rais ametoa agizo, na jioni kila mtu analitekeleza. Katiba ya Marekani imegawa mambo. Ibara ya 2 inamfanya Rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu, lakini Ibara ya 1, sehemu ya 8, inalipa Bunge mamlaka ya kutunga kanuni za kuyaendesha majeshi. Watu huishika ya 2 na kuiruka ya 1, sijui kwa nini, maana ndiyo inayotangulia.

Mimi huwaambia wanafunzi waanze na swali moja kabla ya kubishana: marufuku imeandikwa wapi? Hadi 1993 ilikuwa kwenye waraka wa Wizara ya Ulinzi. Ule wa 1982 ulitamka kwamba ushoga hauendani na utumishi wa kijeshi. Waraka wa wizara Rais anaweza kuufuta, na Rais Clinton aliahidi kuufuta. Bunge likamwahi. Likaiweka marufuku ndani ya sheria ya ulinzi ambayo yeye mwenyewe aliisaini Novemba 30, 1993, ikawa Kifungu cha 654 cha Juzuu ya 10 ya sheria za nchi. Kuanzia hapo kalamu ya Rais peke yake haikufika.

Nikifika hapo hutupiwa mfano wa Rais Truman, ambaye Julai 26, 1948 alitoa Amri namba 9981 ya kuondoa ubaguzi wa rangi jeshini. Sawa, lakini ubaguzi ule ulikuwa ukiendeshwa kwa sera za majeshi yenyewe. Na kwa nini hamnitajii Truman wa 1952? Alitwaa viwanda vya chuma katikati ya vita vya Korea, akidai mamlaka yaleyale ya Amiri Jeshi Mkuu, na Mahakama ya Juu ikamkatalia kwa kura 6 dhidi ya 3.

Hoja ninayoiheshimu ni moja. Kifungu cha 12305 cha Juzuu hiyohiyo ya 10 kinamruhusu Rais, wanajeshi wa akiba wanapokuwa wameitwa kazini, kusimamisha sheria zinazohusu watu kuondolewa jeshini. Mwaka 2009 wapo wataalamu waliosema Obama akitumie, na Marekani ilikuwa vitani kweli. Hakukitumia. Hata angekitumia, angesimamisha tu kufukuzwa kwa watu kwa muda, huku Kifungu cha 654 kikibaki palepale.

Dhana: "Usiulize, Usiseme" iliwaruhusu mashoga kutumikia

Hilo ndilo jina ambalo utaratibu wa 1993 ulijulikana nalo. Kaisome sheria yenyewe, Kifungu cha 654. Inasema kuwepo kwao ni hatari isiyokubalika kwa nidhamu na mshikamano wa jeshi. Kutoulizwa wakati wa kuandikishwa kulitokana na maelekezo ya wizara. Zaidi ya wanajeshi 13,000 walifukuzwa chini ya utaratibu huo.

Dhana: mahakama ndiyo iliyoiondoa

Jaji mmoja wa shirikisho huko California aliamuru isitishwe, Oktoba 2010. Mahakama ya rufaa ikaizuia amri yake. Kesi ilikuja kutupwa baadaye kwa sababu sheria yenyewe ilikuwa imekwisha kufutwa.

Dhana: iliisha siku Obama aliposaini

Baraza la Wawakilishi lilipitisha ufutaji kwa kura 250 kwa 175, Seneti kwa 65 kwa 31, na Obama akasaini Desemba 22, 2010. Ila sheria ilidai kwanza Rais, Waziri wa Ulinzi na Mkuu wa Majeshi wathibitishe kwamba jeshi liko tayari, kisha zihesabiwe siku 60. Uthibitisho ulikuja Julai 2011. Marufuku ikafa Septemba 20.

Dhana: ufutaji huo unawalinda pia waliobadili jinsia

Hawakuwamo kabisa katika Kifungu cha 654. Wao walizuiwa kwa kanuni za wizara, wakaruhusiwa na wizara 2016, wakazuiwa chini ya Trump, wakaruhusiwa kwa amri ya Biden Januari 2021, na Trump akatoa amri ya kuwazuia tena Januari 2025. Yule mwenye shahada aliniuliza mbona hapa marais wanapishana kwa kalamu tu bila kwenda bungeni. Nikamuuliza: hiyo imeandikwa wapi?