Mpango wa msaada kwa wafanyakazi: tunavyojidanganya tunapoupima

"Waliotumia huduma ni wachache, kwa hiyo watu wetu hawana shida."

Kauli hii huzuka kila bajeti ya mpango wa msaada kwa wafanyakazi, yaani ushauri nasaha unaolipiwa na mwajiri, inapojadiliwa. Kiwanda kimoja nilichowahi kufanyia kazi karibu na Jinja, chumba cha mshauri kilitazamana na dirisha la mhasibu. Siku ya mshahara foleni ilipita mlangoni pake. Nani aingie mbele ya macho yote yale? Ripoti ya mwaka ikasema uhitaji ni mdogo. Ripoti ile ilipima mahali mlango ulipo, basi.

"Waliohudumiwa wamepata nafuu, basi mpango unafanya kazi."

Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa, nami nimo. Mtu huenda kwa mshauri maji yakiwa yamemfika shingoni: deni la Sako (chama cha kuweka na kukopa), mtoto mgonjwa, ndoa inayumba. Miezi mitatu baadaye baadhi ya hayo yangekuwa yametulia hata asingemwona mtu.

Ushahidi tunao hapa hapa Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulichukua vijiji 30 vya Rakai na Masaka. Kwa kura, 15 vilipata tiba ya mazungumzo ya vikundi kwa wiki 16, na 15 havikupata. Katika vijiji vilivyotibiwa, kati ya walioshiriki, wenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Ajabu ya kupendeza, lakini tazama upande wa pili, wa vijiji visivyopata tiba: huko nako walishuka, kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Bila tiba ile, karibu watu 40 katika kila 100 walitoka kwenye sonona. Tiba ilifanya kazi kweli, ila sifa yake ni ile tofauti kati ya pande mbili. Kampuni isiyo na wa kulinganisha naye ingejipigia makofi kwa yote.

Na kabla ya kupima, watafiti waliwauliza wanavijiji wenyewe wanayaitaje mateso hayo. Wakapewa maneno ya Kiluganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia. Linganisha na dodoso la Kiingereza analopewa askari wa getini ambaye siku nzima anaongea Kiswahili.

Si kila kampuni inaweza kufanya jaribio kubwa. Lakini kama huduma inapelekwa matawini kwa awamu, piga kura ianze Mbarara au Gulu, kisha uliza maswali yale yale kote kuwili.

"Basi tulinganishe waliojiunga na wasiojiunga."

Wanaojiunga si sawa na wanaobaki. Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiligawa kwa kura wafanyakazi wake karibu 5,000: baadhi waalikwe kwenye mpango wa afya kazini, wengine wasialikwe (si ushauri nasaha, lakini mtego ni ule ule). Waliojiunga walipolinganishwa na wasiojiunga, faida zilionekana tele. Yalipolinganishwa makundi yaliyogawanywa kwa kura, nyingi ziliyeyuka.

"Kipimo ni siku za ugonjwa tu."

Kibarua anayelipwa kwa siku haugui kwenye daftari. Asipokuja halipwi, kwa hiyo anakuja, anasimama kwenye mashine, na akili iko kwingine. Ndiyo maana dodoso linalotumika sana kupima mipango hii halikomei kwenye utoro. Linauliza pia kama mtu yupo kazini bila kazi kwenda, kama ana moyo wa kazi, kama ameridhika na maisha, na kama anaogopa kuja kazini. Huulizwa anapoanza huduma, kisha tena baada ya siku kama 90.

"Anayelipia ana haki ya kujua nani alikwenda."

Hana. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi linalolindwa zaidi. Meneja apewe hesabu bila majina, na hata hesabu ina hatari yake: ukiandika "dereva mmoja, Arua", na Arua ina dereva mmoja, umeshamtaja.