Kabla ya kikao cha simu, tafuta pa kuongelea

Wengi wanaonipigia mara ya kwanza huuliza kuhusu bando: "Dada, kikao kimoja kinakula MB ngapi?" Nawajibu kwamba ni kidogo, hasa tukizungumza kwa sauti bila picha. Kisha nami nauliza swali langu, na hapo ndipo kimya huingia. Utaongelea wapi?

Mimi ni mwanasaikolojia tiba, niko Dar es Salaam, na wagonjwa wangu wengi wa sonona na wasiwasi nawahudumia kwa simu. Wengi wao wamepanga chumba kimoja kwenye nyumba ambazo kuta hazifiki paa. Ukipiga chafya, jirani wa chumba cha tatu anakuombea afya. Mtu wa hapo atanielezaje kwamba amechoka kuishi? Atasema "niko poa", nami nitaandika kwamba anaendelea vizuri.

Kwa hiyo kikao cha kwanza tunaanza na mahali. Mama mmoja huzungumza nami akiwa bustanini kwake, jembe likiwa pembeni. Dereva mmoja wa bajaji huegesha chini ya mwembe na kuvaa spika za masikioni. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili wasitambulike.) Tunakubaliana pia neno la siri: akitaja bei ya mchele, najua kuna mtu ameingia, basi nahamia maswali ya ndiyo na hapana, au tunaandikiana.

Halafu yanafuata maswali. Wachache sana huja wakisema wana sonona. Husema "nina mawazo", moyo unakwenda mbio, kichwa kizito, tumbo linauma na vipimo havionyeshi kitu. Natumia dodoso la maswali 9 liitwalo PHQ-9, linalouliza kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukosa raha. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, hivyo jumla haizidi 27. Ikifika 10, nachimba zaidi. Baada ya wiki kadhaa tunalirudia, na aliyeshuka kutoka 18 hadi 11 anaona kwamba anasogea, hata kama asubuhi hiyo moyo unamwambia vingine.

Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Nalisoma polepole, wala siliruki. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi kunamtua mzigo. Ndiyo maana siku ya kwanza kabisa naomba namba ya mtu wake mmoja wa karibu na jina la hospitali iliyo jirani naye. Baadhi huingiwa na shaka, lakini bila hivyo sianzi. Mlango wake siwezi kuugonga kwa simu. Ndugu yake anaweza.

Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au aliyekwisha kupanga kujiua, anahitaji hospitali leo, simu haimtoshi. Dawa nazo siandiki mimi, anaandika daktari. Nasisitiza tu kwamba vidonge vya sonona mara nyingi huchukua wiki 2 hadi 4 kabla ya kuleta nafuu, na wengi huviacha wiki ya kwanza wakidhani havifanyi kazi.

Nawe nihoji bila aibu: nimesomea wapi, nani ananisimamia, maelezo yako nayahifadhi wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa hata daftari langu. Anayekuahidi kupona kwa siku tatu, kata simu.

Kuna jambo moja ambalo simu imeliweza kuliko ofisi. Kijana mmoja alishikwa na hofu kali ndani ya daladala, pumzi ikambana, na tangu siku hiyo akawa anatembea kwa miguu hadi kazini. Ofisini angenisimulia tu. Kwa simu tulisimama wote kituoni, wiki iliyofuata tukapanda kituo kimoja, kisha viwili. Hakuhitaji kujibu chochote mbele ya abiria. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongea masikioni mwake, nikihesabu naye pumzi. Mwezi uliopita alinipigia akiwa ameshafika Mbezi, amekaa dirishani, na sauti ya konda ikiizidi yake.