Blogu ni daftari, si karatasi

"Andikeni blogu mbili kabla ya Ijumaa." Agizo hili linasikika sana vyuoni Dar es Salaam, na anayelitoa huwa anataka makala mbili. Anayelipokea analitii kama alivyolisikia. Anaingia kwenye huduma ya blogu ya chuo, anafungua blogu, anaweka makala. Kesho yake anafungua nyingine kwa ajili ya makala ya pili. Muhula ukiisha ana anwani sita, kila moja na chapisho moja, na chini yake lile chapisho la salamu linalokuja na programu halijafutwa.

Blogu ni mahali pamoja mtandaoni panapowekwa maandishi yenye tarehe, la karibuni likikaa juu. Kila andishi ndani yake ni chapisho, au posti. Maana ni hiyo tu, na kosa lote linatokana na kuliita chapisho kwa jina la blogu.

Neno lenyewe limekatwa kutoka weblog, alilolitumia Mmarekani Jorn Barger Desemba 1997. Mwaka 1999 Peter Merholz akaligawa kwa utani likasomeka we blog, yaani "sisi tunablogu", na mwaka huohuo kampuni ya Pyra Labs ikatoa huduma iliyoiita Blogger, kipande kile kikaenea. Lakini mzizi ni log, gogo, na ndipo maana ilipojificha. Mabaharia wa Ulaya walikuwa wakipima mwendo wa meli kwa kutupa majini ubao wenye umbo la robo duara, uliotiwa madini ya risasi ukingoni ili uelee wima, nao umefungwa kamba yenye mafundo. Ubao huo ndio ulioitwa log. Meli ikisonga, ubao unabaki nyuma, kamba inakimbia mikononi mwa baharia, naye anahesabu mafundo hadi shisha ya mchanga, ile chupa ya kupimia muda, ya sekunde 28 iishe. Kati ya fundo na fundo palikuwa na futi 47 na inchi 3, kwa hiyo idadi ya mafundo ndiyo mwendo wenyewe, kwa maili za baharini kwa saa. Hesabu ile iliandikwa daftarini pamoja na saa yake, safari nzima, mstari chini ya mstari. Daftari likarithi jina la gogo.

Kiswahili cha pwani kilipita njia hiyohiyo. Batli ni kile kifaa cha kupimia mwendo wa chombo, na batli ni daftari la safari pia. Nahodha hakuwa na batli mpya kila alipotupa ubao majini. Alikuwa na moja, na ndani yake mistari mingi.

Mwanafunzi aliyekwenda mafunzo kwa vitendo analijua jambo hili vizuri kuliko anavyodhani. Anapewa logbuku moja. Kila siku anaandika alichofanya, anaweka tarehe, msimamizi anatia saini. Hasemi ameandika logbuku tano wiki hii. Vivyo hivyo blogu ya Issa Michuzi, mpiga picha za habari wa Tanzania, iliyoanza mwaka 2005, ilijaa machapisho mengi mno, na watu waliendelea kuiita blogu, kwa umoja.

Tarehe ndiyo roho ya kitu hiki, na hapa kuna mkanganyo wa pili. Huduma nyingi za vyuo zinaendeshwa kwa WordPress, programu ya kuendeshea blogu na tovuti, na humo dashibodi, yaani ukurasa wa mwenye blogu wa kuisimamia, ina milango miwili inayofanana: Posts na Pages. Chapisho lina tarehe, lina kategoria, na linaingia kwenye mlisho, yaani ile anwani inayoishia na /feed ambayo mwalimu anaweza kuifuatilia bila kupitia blogu arobaini moja moja. Ukurasa hauna hayo. Ukurasa ni wa mambo yasiyobadilika: wewe ni nani, unasoma nini, unapatikana vipi. Ukiweka ripoti ya wiki kwenye Pages, itasomeka vizuri kwa mwenye kiungo, lakini kwenye mlisho haitaonekana, na mwalimu atahesabu kwamba hukuleta kazi.

Kwa sababu hiyohiyo, angalia saa kabla ya kuchapisha chochote. Blogu mpya mara nyingi huja na saa za UTC, yaani saa rasmi za kimataifa, zilizo nyuma ya Dar kwa saa tatu. Chapisho la saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi litabeba tarehe ya Ijumaa, na lile uliloliratibu litoke saa mbili asubuhi litatoka saa tano. Ingia Settings, kisha General, uchague Dar es Salaam kwenye orodha ya miji ya Afrika.

Daftari ni moja, basi lipe jina la kudumu. Anwani ukishaichagua huwezi kuibadilisha mwenyewe, ni mpaka msimamizi mkuu wa huduma. "Asaimenti1" litakuaibisha ukifika mwaka wa tatu. Nafasi nayo si ya kuchezea. Mfumo wa blogu nyingi wa WordPress, chuo kisipougusa, huruhusu faili lisilozidi kilobaiti 1500, na kikomo chake cha nafasi kikiwashwa, kila blogu hupata megabaiti 100. Picha ya simu ya megabaiti 4 itakataliwa. Ipunguze upana hadi pikseli 1200 hivi, itapita.

Kundi la watu watano nalo halihitaji blogu tano. Mmoja afungue, awaongeze wenzake kwa wadhifa wa Author, ambaye anachapisha kazi yake bila kuweza kugusa ya mwingine. Usiwape Contributor: huyo anaandika lakini hawezi kuchapisha wala kupakia picha, na mtashinda mkimlaumu mtu wa kompyuta.

Na daftari huhama na mwenyewe. Kabla akaunti ya chuo haijafungwa, nenda Tools, kisha Export, upakue faili la XML. Ndani yake mna maneno na anwani za picha. Picha zenyewe hazimo. Programu ya kule unakohamia huzivuta kutoka blogu ya zamani, kwa hiyo hamisha blogu ya zamani ikiwa bado hewani. Ukingoja hadi baada ya mahafali, huenda ukaokoa maandishi yenye mafremu matupu. Mwenye blogu sita atafanya kazi hii mara sita.

Kwa hiyo mwalimu anayetaka kazi mbili aseme "machapisho mawili kwenye blogu yako". Na mwanafunzi akiambiwa "blogu mbili", aulize tu kwa adabu: "Mwalimu, niweke machapisho mawili kwenye blogu yangu ileile?" Karibu kila mara atajibiwa ndiyo.